Umerudi ulikokulia na unajiona mgeni? Usifungashe kwanza

Ndugu, umeuliza kwa nini tangu urudi eneo ulilokulia unajiona mgeni kuliko ulivyokuwa ugenini, na kama ni dalili kwamba uondoke tena. Mimi niliondoka kijana nikarudi mtu mzima. Nakuambia usifungashe kwanza.

Ugenini ulijua unakwenda kujifunza, na watu walikuvumilia. Ukirudi hakuna anayekuvumilia, maana wote, wewe ukiwemo, mnadhani unapajua. Unapajua pa miaka ile. Njia ya mkato niliyoizoea niliikuta imezibwa na ukuta, lakini hilo unazunguka tu unapita. Ugumu upo kwa watu.

Jioni moja nilikaa na marafiki wa zamani. Mmoja akataja jina, wakacheka mpaka machozi. Mimi nikatabasamu tu. Aliyetajwa simjui, kisa chenyewe sikijui. Kisha wakanigeukia, wakanitania kwa tabia niliyoiacha siku nyingi. Wana miaka ambayo mimi simo, nami nina yangu ambayo wao hawamo. Inauma, tena sana, kwa kuwa hakuna wa kumlaumu.

Hali hii inajulikana. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard, mwanasosholojia wa Norway, alieleza maisha ya ugenini kwa umbo la herufi U: furaha ya mwanzo, kushuka, kisha kuinuka. Mwaka 1963 watafiti John na Jeanne Gullahorn wakaongeza U ya pili, ya kurudi nyumbani, ikawa W. Si kila mtu hupita humo hatua kwa hatua, ila mimi nilipata nafuu kujua kwamba kushuka baada ya kurudi kumeshawapata wengi.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuuliza. Nilimfuata mmoja mmoja, mbali na kundi: "Hebu nisimulie, tangu niondoke umepitia nini?" Yakatoka mambo ya misiba, ndoa na magonjwa niliyoyasikia juu juu kwenye simu. Baada ya hapo wakaanza wenyewe kuniuliza yangu, na wakasikiliza. Ile habari ya "kule nilikokuwa wanafanya hivi" iweke akiba, hata ikiwa kweli, maana mwenzio anasikia dharau. Mtafute mwingine aliyewahi kurudi, huyo ummwagie yote.

Jiunge pia na jambo ambalo hukuwahi kulifanya hapo, liwe mchezo, darasa au kikundi, upate watu wanaokujua kama ulivyo leo. Na uliowaacha kule endelea kuwapigia. Kuwakumbuka si kuikana kwenu.

Kuhusu kuondoka, ngoja mwaka mzima upite ukiwa hapo, sikukuu zake na siku zake za kawaida. Ukiisha na kazi hakuna, au walio karibu nawe wanakuumiza, hiyo ni sababu ya kuondoka na usione haya. Upweke wa miezi ya mwanzo peke yake, kwa maoni yangu, bado si sababu.