Mwanangu Tatu, simu usiuze

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Tatu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, ila bibi yako mguu bado unamsumbua. Mzigo wako wa dagaa na dumu la mawese vimeondoka na basi. Mama yako atakupigia akupe namba ya kondakta.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza peke yangu kwanza, kisha pamoja na mama yako. Unasema usiku unaingia kwenye simu kumjibu mteja anayeuliza bei ya dera, ukija kushtuka ni saa nane na unaangalia video za watu wanaosafisha mazulia, watu usiowajua, nchi usiyoijua. Asubuhi macho mekundu, kichwa kizito, na moyo unakusuta. Ukauliza: "Baba, niuze hii simu ninunue kitochi, nifute Instagram na WhatsApp nipumzike? Au ni mimi tu sina nidhamu?"

Nimeona nikujibu kwa karatasi. Sauti ungeisikiliza ndani ya daladala ikaishia hapo hapo. Mdogo wako ataipiga picha barua hii akutumie kwenye simu hiyo hiyo unayotaka kuiuza. Cheka tu.

Mama yako jibu lake lilikuwa fupi: "Afunge, kama ziwa lilivyofungwa." Unakumbuka mwaka 2024 serikali iliposimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Wakati ule alinuna kweli kweli, leo amekuwa mtetezi wa kufunga kila kitu. Mimi simuungi mkono. Ziwa likifunguliwa na makokoro yale yale, zile nyavu zinazozoa hata samaki wachanga, yakarudi majini, ile miezi mitatu imeliwa bure. Na wewe ulishafunga. Ramadhani uliifuta Instagram tukakupongeza. Idi mosi, pilau haijaiva, umeshairudisha uweke picha ya dera jipya, na kabla Idi haijapoa ukawa uko pale pale ulipoachia. Kilichokuwa kinakunasa hukukigusa.

Hilo neno la kukosa nidhamu ndilo lililoniudhi. Nimefundisha miaka mingi, watoto wasio na nidhamu nawajua kwa sura, na wewe hukuwa mmoja wao. Mtu anayefungua duka saa moja asubuhi, analipa kodi yake kwa wakati na bado anamtumia bibi yake hela ya dawa, huyo ana nidhamu. Tatizo liko kwingine, na sisi walimu tulilisoma chuoni kabla hizi simu hazijazaliwa. Kwenye saikolojia ya elimu kulikuwa na Mmarekani anaitwa B. F. Skinner, aliyekuwa akifuga njiwa ndani ya kisanduku. Njiwa akidonoa kitufe, anapata punje. Skinner akaona kwamba njiwa anayepewa punje kila anapodonoa, akishiba anaacha. Lakini ukimpa kwa kubahatisha, mara anapata, mara hapati, mara anapata tena, huyo hudonoa na kudonoa bila kuchoka. Tulifundishwa habari hiyo ili tujue namna ya kumsifu mwanafunzi. Wenzetu wa kwenye kompyuta wakaichukua kwa shughuli nyingine. Unaburuza kidole: video ya kwanza ya kipuuzi, ya pili ya kipuuzi, ya tatu inakuchekesha hadi machozi. Basi, umeshanaswa, unaisaka nyingine kama hiyo.

Tena zamani kurasa za intaneti zilikuwa na mwisho. Ukifika chini unabonyeza ukurasa unaofuata, na katika ule kubonyeza akili inapata nafasi ya kukuuliza, "bado tu?" Mwaka 2006 kijana mmoja wa Marekani, Aza Raskin, akabuni ukurasa usio na chini, ukiburuza unaendelea tu milele. Baadaye alijitokeza hadharani kusema anajutia. Na mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alikiri mbele za watu kwamba wakati wanaijenga walikuwa wakijiuliza namna ya kuchukua muda na fikra za mtu kwa wingi iwezekanavyo. Wao wanalipwa na wenye matangazo. Ukikaa dakika kumi zaidi, umewaingizia kitu. Kwa hiyo wewe uliyechoka na kazi ya kutwa, saa tano usiku, peke yako, unashindana na mainjinia wanaolipwa mshahara mnono ili usitoke. Kushindwa hapo hakuhitaji kukosa nidhamu.

Ila sitaki uishie hapo ukasema basi, ni wao. Nikuambie nilichokiona kwa mama yako.

Juzi nilimsindikiza Kibirizi alfajiri. Simu yake anaiweka kwenye mfuko wa nailoni, halafu anaifunga fundo kwenye pindo la kanga, maana mikono yake muda wote ina maji na magamba. Mitumbwi ikaingia, akapatana bei, dagaa wakamwagwa kwenye vichanja. Akafungua fundo, akapiga picha, kioo anakigusa kwa kifundo cha kidole kwa sababu ncha zimelowa, akamtumia sauti mteja wake wa Mbeya: "Wa leo hawa, wa kichanja, hawana mchanga. Sado ni bei hii, ndoo ni bei hii. Ukichelewa wanakwenda." Akairudisha kwenye mfuko, fundo. Ikalia mle ndani. Ikalia tena. Hata hakugeuka, alikuwa anawapindua dagaa. Alipomaliza ndipo akafungua kusikiliza.

Mama yako anaitumia simu kutwa. Bila simu angekuwa anauza kwa walanguzi wa pale pale mwaloni kwa bei wanayotaka wao. Wala mimi sikumbuki kwa hamu ile foleni ya posta kusubiri kupiga simu Dar, unazungumza salamu tu pesa inakwisha. Wanaosema zamani kulikuwa na raha hawakupanga foleni ile. Ila mama yako ndiye anayeiita simu, mwanangu. Wewe simu ndiyo inayokuita. Mimi sihesabu saa. Naangalia nani kamwita mwenzake.

Basi anza na hao wanaokuita. Ingia kwenye mipangilio uzime arifa zote za Instagram na TikTok, kila kinacholia kwa ajili ya fulani kapenda picha, fulani kaweka picha, fulani yuko mubashara. Viachie mlio vitu viwili tu: simu ya kupigwa na ujumbe wa mtu. Zile tiki za bluu za WhatsApp zizime pia. Nusu ya haraka uliyonayo ni kuogopa kuambiwa, "umeona ujumbe wangu ukanyamaza." Humo humo kwenye mipangilio kuna sehemu inayoonyesha kila programu imekula saa ngapi kwa siku, na unaweza kuiwekea kikomo. Kikomo chenyewe utakipuuza, nakujua. Ila iangalie ile hesabu mara moja kwa wiki, hasa Ijumaa kabla ya kupanga mahesabu ya duka, uone wiki imekwenda wapi.

Sasa la biashara, maana hapa ndipo unapojificha. Unasema huwezi kuzima kwa sababu ya wateja. Tatu, nimeingia kwenye ukurasa wako. Picha ya dera, nzuri, imepigwa kwenye mwanga, chini umeandika "Bei njoo inbox." Kwa nini? Watu arobaini wanakuja kuuliza swali moja, unawajibu mmoja mmoja hadi usiku wa manane, na thelathini hawanunui. Andika bei! Andika saizi zilizobaki, andika nauli ya kutuma mikoani. Mama yako darasa la saba anataja bei ya sado na ndoo kwenye sentensi ya kwanza. Wewe una diploma unawafanya watu wabishe hodi. Najua mtaniambia ndiyo mtindo wa mjini, na kwamba washindani wataiona bei yako. Waione. Usingizi wako una thamani kuliko siri ya bei ambayo Kariakoo nzima wanaijua.

Halafu hamia WhatsApp ya biashara kama bado hujahamia. Ina uwezo wa kujibu yenyewe ukiwa umefunga. Mwekee mteja maneno ya heshima: "Assalaam alaykum, karibu. Duka limefungwa, tutakujibu saa mbili asubuhi in shaa Allah." Anayetaka dera kweli atasubiri. Asiyeweza kusubiri hadi saa mbili hakuwa mteja, alikuwa amekosa usingizi kama wewe.

Kitochi kinunue, ila usiuze hiyo kubwa. Laini ambayo sisi tunaipiga iweke kwenye kitochi, kilale karibu na kichwa chako, kikuamshe alfajiri pia. Kubwa ilale mbali, kwenye kabati ukipenda, kwenye chaja ile ya jikoni. Sababu kubwa unayotoa ya kulala na simu ni bibi, usiku asije akazidiwa usipatikane. Ni sababu nzuri, na kitochi kinaitosha.

Makundi usitoke kwa hasira. Kundi la ukoo ukitoka kimya kimya anayepewa taarifa ni admini tu, lakini admini wa kwetu unamjua, kesho yake Kasulu yote wana habari. Linyamazishe moja kwa moja, liweke kwenye kumbukumbu, ulifungue jioni moja moja utoe pole na hongera zako. Misiba ya kweli tutakupigia. Na ukisikia sauti iliyosambazwa mara nyingi, usiibebe moyoni. Wakati ziwa limefungwa, kundi la wachuuzi wenzake mama yako kila siku lilikuwa na sauti mpya: ziwa linafunguliwa kesho, ziwa halifunguliwi tena. Yeye alikuwa anakwenda mwaloni kumuuliza mtu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi pale mwaloni, anarudi na habari moja.

Rafiki yako wa chuo uliyemtaja, yule mwenye gari na safari za Zanzibar, picha zake zifiche zisikufikie. Hatajua, na urafiki hautavunjika. Sitakuhubiria kuhusu gari lile ni la nani. Unajua mwenyewe.

Nimeacha la mwisho ambalo hukuniuliza, nami sikulipata kwenye kusoma, nimelisikia kwenye sauti yako. Kwa nini ni saa tano usiku? Mchana hulalamiki. Mchana uko dukani, watu wanaingia, unabishana na yule jirani wa Simba, unakula wali maharage na wasichana wa duka la pili. Unalalamika ukisharudi Mbagala, umefunga mlango wa chumba. Umekulia nyumba ambayo kupata pembe ya kukaa peke yako ni kazi. Hapa Ujiji mtu akitaka kusoma ilibidi aende chini ya mwembe, na hata huko kuna mtoto atamfuata. Sasa unalala kwenye chumba ambacho hakuna anayekohoa. Nadhani zile video za mazulia unaziwasha ili pawe na sauti ya mtu.

Kama ndivyo, basi kuzima tu simu kutakuachia ukimya mtupu, na wiki haitaisha utairudia. Weka mtu kwanza. Jirani yako wa chumba cha pili unamjua jina? Ulisema kuna mama anayepika chapati jioni pale uani. Mnunulie chapati, kaa uzile pale pale kwenye benchi lake, usizibebe ndani. Alhamisi duka ukilifunga mapema nenda kwa shangazi yako Temeke, analalamika kwamba unapita na daladala mbele ya nyumba yake huingii. Darasa la jioni la kina mama kwenye msikiti wenu, uliloniambia mwaka jana, ulianza au uliahirisha? Na sisi tupigie saa tatu usiku, tena piga, usitume sauti. Bibi yako hawezi kufungua sauti, na akifunguliwa anaijibu kama vile unamsikia, halafu anakasirika hujamjibu.

Usitarajie wiki ya kwanza kuwa rahisi. Mkono utaitafuta simu mfukoni hata haijalia. Utajikuta umeifungua bila kujua ulifuata nini. Ikitokea, ifunge, na ukikumbuka ulichokifuata, ifungue tena. Hakuna cha kulia hapo wala cha kuapa. Ukiona usiku mmoja umefika saa nane tena, kesho yake lala mapema, yameisha.

Pesa ya kitochi nitakutumia kesho nikipata pensheni, usichukue kwenye mtaji. Na mjomba wako akianza kunung'unika kwamba siku hizi huitikii "Amina" kwenye kundi, mwambie anipigie mimi.

Baba yako