Feni zangu za bustani (ile mimea ya majani, fern) ziko kivulini lakini ncha zinaungua, nizing'oe?

SWALI: Habari dada wa bustani. Niko Tabata, nyuma ya nyumba kuna mwembe mkubwa, chini yake ukoka umegoma maua yamegoma, mwaka jana nikanunua feni sita kwa wale wauza maua wa barabarani wakanambia hii ni ya kivulini, inakaa kijani mwaka mzima. Sasa ncha zote zimekuwa kahawia kama zimepigwa pasi na namwagilia asubuhi na jioni maji ya kisima. Halafu chini ya majani kuna vidoti vya kahawia vimejipanga mstari, nimepiga dawa ya wadudu mara mbili haviondoki. Nizing'oe?

JIBU: Usizing'oe mdogo wangu, na hiyo dawa rudisha stoo. Vidoti vilivyojipanga vizuri hivyo sio wadudu, ndio uzazi wenyewe, feni haina ua wala mbegu, inatoa vumbi laini kutoka kwenye vidoti hivyo. Wadudu magamba wanakaa ovyo ovyo, zaidi kwenye vijiti vya majani, ukikwangua kwa kucha wanabanduka na jani linanata.

Ncha mimi nashuku maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi, onja tu utajua, maji yanakauka chumvi inabaki kwenye udongo, kwa hiyo wewe kila ukimwagilia unaongeza chumvi, ukiona zinazidi kuungua unaongeza maji, yani unazimaliza kwa mapenzi! Kinga maji ya mvua, na kama una kiyoyozi weka ndoo pale kinapodondoshea, yale hayana chumvi. Mwagilia ukigusa udongo ukaona juu umeanza kukauka, sio kwa saa.

Jambo la pili ni huo mwembe. Mizizi yake iko juu juu na inakunywa kabla ya feni, ukichimba mashimo unaumiza mti na mwaka ujao mizizi imerudi. Mimi ningeziweka kwenye vyungu vipana vyenye matundu chini, udongo mweusi nusu na majani ya mwembe yaliyooza nusu (kwa nini watu wanayafagia na kuyachoma sijawahi kuelewa). Waliofika Kigoma wameona feni zinavyoota kwenye shina la mchikichi, pale hakuna udongo wa maana, ni takataka zilizooza kwenye makovu ya makuti, unyevu na hewa basi. Ukitumia makumbi ya nazi loweka na kusuuza kwanza, na samadi mbichi usiiguse.

Majani yaliyoungua kata chini kabisa, hayarudi kuwa kijani. Mapya utayaona yamejikunja kama mkia wa kinyonga, hayo usiyashikeshike.

Ila kama mojawapo ni ile ya majani membamba kama manyoya wanayofungia na waridi kwenye maua ya harusi, ikawa na vimiba, hiyo sio feni hata kama wanaiita hivyo, yenyewe inavumilia ukavu kidogo.

SWALI: Niko Lushoto, kuna feni zile kubwa kama mti msituni, naweza kuchimba moja nipande kwangu?

JIBU: Hapana kaka, msitu wa hifadhi hauchimbwi bila kibali, na kubwa ikihamishwa mara nyingi inakufa. Ulizia kwenye vitalu vya huko huko kama wana mche mdogo, upande karibu na maji, pasipo upepo.