Kamera si lazima, shida yako ni taa

Mdogo wangu, umeuliza kama ukope hela ununue kamera ya kurekodia video za usaili wa filamu, na kwa nini zile ulizorekodi usiku hapo Nkuhungu zina mistari myeusi inayopanda na kushuka.

Usikope. Simu inatosha kabisa.

Mistari hiyo inatokana na umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za tyubu au LED za bei rahisi huwaka na kufifia mara mbili kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde, bila jicho kugundua. Simu yako, nadhani, inarekodi fremu (picha) 30 kwa sekunde, na hapo haziendani na mwako wa taa. Weka fremu 25, kasi ya shata 1/50, yaani kila picha ipokee mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde. Kamera ya simu ikigoma, tafuta programu nyingine inayoruhusu. La sivyo zima taa, rekodi mchana ukilitazama dirisha. Jua la Dodoma likizidi, tundika shuka jeupe.

Ila mimi ningehangaikia sauti kwanza. Upepo wetu ukianza kuchezea bati, hata uigize vipi hawatakusikia. Amka mapema, zima feni, bana kimaikrofoni kwenye kola.

Simu isimamishe kwa upana, lenzi iwe usawa wa macho, tukuone kuanzia kifuani. Anayekusomea maneno ya mhusika mwenzako akae kando ya lenzi, asipige kelele kukuzidi. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, maana video ya kawaida inabanwa ubora.