Unajinyima mchana, unafakamia usiku

Mdogo wangu, kama unashinda na maji matupu, halafu usiku nyumba nzima imelala unajikuta jikoni unabugia kiporo cha ugali bila hata kusikia ladha, nakuandikia wewe. Nimepitia hayo hapahapa Kigoma, nyumbani Mwanga, nikisubiri matokeo huku ada inadaiwa na kila mgeni akiingia anaanza na mwili wangu: "Mbona umenenepa hivyo?"

Watakwambia huna nidhamu. Si kweli. Mwili ulionyimwa chakula mchana kutwa, na kichwa kimejaa mawazo, lazima usiku udai chake. Ukijiadhibu kesho yake kwa kutokula, umeshaandaa usiku mwingine kama huo.

Kwangu mambo yalianza kubadilika nilipokula kwa saa. Uji asubuhi, hata kama usiku nilifakamia. Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo muhimu kuliko zote. Mchana ugali wa muhogo na migebuka, au sombe, yaani kisamvu, ya mawese. Sikukaa zaidi ya saa nne bila kutia kitu tumboni. Mwanzoni nilikuwa nashiba upesi, tumbo linajaa gesi, natamani kuacha. Dada yangu akaamua tule sinia moja. Hakunihubiria, alikuwa anachambua miiba, anasogeza minofu upande wangu, anaendelea na habari za sokoni.

Mawazo ya ada hayakuisha kwa uji, lakini nilipata nguvu ya kuyazungumza.

Kama unajitapisha, jua kwamba asidi ya tumbo inakula meno. Sukutua kwa maji, usipige mswaki papo hapo. La hatari zaidi ni kupungua kwa potasiamu mwilini, maana hapo mapigo ya moyo huvurugika. Ukizimia, moyo ukienda ovyo, au siku zako zikipotea miezi mitatu, nenda hospitali. Maweni ni hospitali ya rufaa ya mkoa, iko mjini. Mwambie daktari waziwazi kwamba unajitapisha. Asipojua, ataanza na malaria na vidonda vya tumbo.

Nanyi mama na mashangazi, msisimame mlangoni mwa choo. Binti akimaliza kula, kaeni naye hata nusu saa, mchague dagaa pamoja, mpige soga. Hamu ya kwenda kutapika huwa kali muda huo, na akiwa na mtu humpita.