Uchu wa Kuandika Una Jina Gani?

SWALI: Mhariri mpendwa, kila asubuhi nikiwa kwenye matatu ya kwenda mjini, hasa tunapokwama Barabara ya Jogoo, huandika lolote linalonijia, nyuma ya risiti au katika daftari dogo: maneno ya makanga, kofia ya abiria, hata bei ya nyanya. Juzi binamu yangu aliniita "scripturient" kwa utani, kisha akashikilia kwamba neno hilo la Kiingereza lina maana ya mtu anayependa Maandiko Matakatifu. Je, ni kweli? Na Kiswahili kinauitaje uandishi wa namna hii? Nataka kuliandika neno hilo kwenye jalada la daftari langu.
Msomaji, Buruburu, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, binamu yako amekupa jina zuri, ila maelezo yake yamepotoka. Ni kweli kwamba neno hilo na lile ambalo Waingereza huyaitia Maandiko Matakatifu ni ndugu, kwa kuwa yote mawili yametokana na kitenzi cha Kilatini "scribere", yaani kuandika, lakini undugu wao unaishia hapo. "Scripturient" ni mtu aliyeshikwa na hamu kubwa ya kuandika. Limekuwapo katika Kiingereza tangu karne ya 17, ingawa siku hizi ni nadra kulikuta, na mara nyingi anayelitumia huwa anatania.

Linalonivutia mimi ni mkia wake. Warumi walikuwa na kiambishi walichokipachika mwishoni mwa kitenzi ili kuonyesha kutaka kutenda. Kutokana na "edere", kula, walipata "esurire", kuona njaa. Kutokana na "parere", kuzaa, walipata "parturire", kushikwa na uchungu wa kuzaa. Na kwa kanuni iyo hiyo wakapata "scripturire". Naona walikuwa na haki kuyaweka matatu hayo pamoja, kwa sababu mtu anayepapasa mkoba akitafuta kalamu huku matatu ikiyumba, akihofia kwamba sentensi itampotea kabla hajafika kituoni, anayajua vyema yote mawili, njaa na uchungu.

Vitenzi vyetu vinanyambuka kwa wingi, tukapata andikia, andikisha, andikiana na andikika, lakini hakuna mnyambuliko wa kutaka kutenda. Hapo tunategemea nomino: hamu, kiu, shauku, uchu. Mimi nachagua uchu, kwa kuwa hamu mtu anaweza kuiahirisha hadi jioni, ilhali mwenye uchu wa nyama hatulii mpaka aipate. Basi wewe una uchu wa kuandika, na hakuna haja ya kulisulubu neno la Kilatini tupate "skripturienti".

Kuhusu kitendo chenyewe, uradidi, yaani kulirudia neno, unatutosha. Mtu anayetembeatembea hana safari maalumu, na aliye jikoni akipikapika hajaalika wageni. Vivyo hivyo, anayeandikaandika huandika hiki na kile bila kukusudia kitabu. Kiingereza kinacho kitenzi "scribble", ambacho asili yake ni "scribillare", yaani "scribere" iliyotiwa udogo. Wao walilipunguza neno, sisi tunalirudia. Ni kweli kwamba uradidi una sura mbili, maana anayekataa katakata hafanyi mzaha hata kidogo. Lakini katika "andikaandika" msikilizaji wa Kiswahili hasikii ukali wowote, anasikia kalamu inayotembea tu. Liandike kama neno moja, bila kistari, na kiambishi cha nafsi kitokee mara moja: ninaandikaandika, si "ninaandika ninaandika".

Kwa jalada la daftari lako napendekeza "Kuandikaandika Kwangu". Uwe mwangalifu na neno hilo la pili: ngeli ya KU inataka "kwangu", wala si "yangu".