Mdogo wangu alikuwa askari Marekani: kampuni iandikwe kwa jina lake?

SUALI: Bi Mkubwa, shikamoo. Mdogo wangu alikwenda Marekani kusoma, akaingia jeshini, akapata uraia. Sasa ametoka, goti bovu na sikio moja halisikii vyema. Anaishi Ohio. Ana rafiki mwenye pesa, ambaye hajapata kuwa askari, anayemshawishi wafungue kampuni ya usafi wa majengo: asilimia 51 iandikwe jina la mdogo wangu, lakini rafiki ndiye aendeshe kazi na kusaini hundi. Anasema kule serikali inawatengea zabuni askari walioumia kazini. Kuna na wakala anataka dola 2,000 awasajili. Wazee wanasema tuuze karafuu za msimu huu tumpelekee. Ni kweli mambo haya, au tunatapeliwa?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zabuni zenyewe ni za kweli. Marekani imejiwekea lengo kwamba asilimia 5 ya fedha za mikataba ya serikali kuu iende kwa kampuni ndogo za askari wa zamani waliopata ulemavu kutokana na utumishi. Lilikuwa asilimia 3 mpaka sheria ilipolipandisha kuanzia mwaka wa fedha 2024. Cheti hutolewa na SBA, idara yao ya biashara ndogo, iliyopokea kazi hiyo Januari 2023 kutoka VA, wizara inayowahudumia askari wa zamani.

Ulemavu wenyewe si lazima uwe mkubwa. Akiwa na barua ya VA inayokubali kuwa goti au sikio liliharibika utumishini, hata kama kiwango kilichoandikwa ni sifuri, inamtosha. Barua hiyo aitafute mwanzo, kwa sababu askari asiye na ulemavu naye anaweza kupata cheti, lakini faida yake inaishia zaidi kwenye manunuzi ya VA peke yake.

Sasa nije kwenye linalonitia wasiwasi, nalo ni huyo rafiki wa kusaini hundi.

Nilifanya kazi ya ununuzi serikalini hapa Unguja mpaka nikastaafu, na kampuni za namna hiyo nimeziona kwa macho yangu. Siku moja alikuja mama mmoja, kwenye karatasi ndiye mkurugenzi. Tukamuuliza saruji ameipigia hesabu ya bei gani kwa mfuko. Akageuka kumtazama kijana aliyekaa nyuma yake, na kijana ndiye aliyejibu. Suali lililofuata, lile la mchanga, hakungoja hata mama ageuke. Yule mama nilimwonea huruma, maana deni likija jina ni lake.

SBA nao wanalijua hilo, na hawaishii kwenye hiyo 51. Hisa za mdogo wako ziwe zake bila ya masharti, isiwe rafiki anaweza kuzirudisha mkononi mwake siku akitaka. Awe yeye ndiye mwenye cheo cha juu kabisa, aamue mambo ya kila siku na ya miaka ijayo: nani aajiriwe, bei gani iandikwe, mkopo gani uchukuliwe. Huangaliwa katiba ya kampuni, saini za benki, hata mishahara. Rafiki akilipwa kuliko mwenye kampuni, wataulizwa kwa nini. Na wakipata zabuni ya usafi iliyotengwa kwa watu hawa, kampuni isipitishe zaidi ya nusu ya malipo kwa kampuni nyengine zisizo na hadhi kama yake.

Ikibainika kuwa jina lilikodishwa, sheria yao inaichukulia thamani yote ya mkataba kuwa ni hasara ya serikali, hata kama sakafu zilipigwa deki zikang'ara. Fidia inaweza kufika mara tatu, na kesi ya jinai ikafuata. Atakayeitwa mahakamani mwanzo ni mdogo wako, kwa sababu ndiye aliyetia saini tamko kwamba yeye ndiye mwendeshaji.

Pesa za rafiki si haramu. Akopeshe kwa maandishi, au achukue 49 zake, akae upande wake. Kama mdogo wako hajui kuendesha biashara ya usafi, afanye kwanza kazi kwenye kampuni ya mtu, ajue sabuni inakwisha vipi na wafanyakazi wanalipwa vipi. Mpango huu ukingoja mwaka haudhuru kitu.

Na hizo dola 2,000? Cheti cha SBA hakina ada. Usajili wa SAM, daftari la serikali la kila anayetaka kuuza kwake, nao ni bure. Wakala anaweza kudai ujira wa kujaza fomu, hiyo ni biashara yake, lakini akisema ni ada ya serikali, huyo ni mwongo, mwacheni. Kule kuna vituo viitwavyo APEX Accelerators, vya kuwashauri wanaotaka kuiuzia serikali, vinavyosaidiwa na fedha za wizara ya ulinzi; aende na barua ya VA na karatasi yake ya kutoka jeshini, ile DD214, aeleze na habari ya rafiki kama ilivyo. Karafuu zenu msiziuze kwa ajili ya wakala. Kama wazee wanataka kumsaidia, wangoje aandike mwenyewe, kwa mkono wake, anataka kununua nini na kwa bei gani.