Lenzi ndefu mtaani, nilichojifunza Kariakoo na Manzese

Hii nawaandikia nyie mnaoanza picha za mtaani, hasa waoga wa kusogelea watu, maana najua mnachowaza, kwamba ukipata lenzi ndefu utakaa zako mbali huko, utapiga watu hawana habari, kazi kwisha. Hata mimi ndo nilivyowaza. Nikajichanga nikanunua Canon 55-250mm ya mtumba, Jumamosi asubuhi nikazama nayo Kariakoo, hapa Dar, nikarudi nyumbani na picha kama mia tatu za mabega.

Mabega, ndio. Sikiliza, 250, yaani lenzi umeivuta mpaka mwisho, kwenye hizi kamera zetu za sensa ndogo (kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga) inavuta kama 400 kwenye kamera za sensa kubwa, kwa hiyo ili mtu aenee mzima kuanzia kichwa mpaka ndala inabidi uwe kama mita 20 kutoka kwake, na hapo kamera umeisimamisha wima. Sasa nitajie mahali Mtaa wa Kongo penye mita 20 ambazo hazina mtu. Unamlenga mama anapanga nyanya, mara mkokoteni huo, mara dogo kabeba mabegi kichwani, fokasi inamrukia anayepita, ukija kuangalia una sikio la mtu usiyemjua.

Na kujificha sahau. Kamera ndogo watu wanakupotezea, ila ukiinua dude refu vile mtaa mzima unageuka, tena kule mbali ndo wanahisi vibaya zaidi, wanakuona kama mpelelezi. Ile kofia ya plastiki ya mbele ya kuikinga lenzi na jua itoe kama jua halikupigi usoni, inakuongezea bazuka bure. Na angalia unakoelekeza, pale Feri sokoni unapiga samaki vizuri tu, ukigeuka kidogo lenzi inatazama upande wa Ikulu, hapo hakuna atakayekuuliza kama ulikuwa unapiga kunguru. Mimi kuna jengo moja mjini silitaji, mlinzi alinikalisha nikamuonyesha picha moja baada ya nyingine mpaka betri ikakata.

Iliponikolea ni Manzese, juu ya lile daraja la waenda kwa miguu. Kule juu hakuna wa kukukatiza, Barabara ya Morogoro yote iko chini yako, na jioni mwendokasi, daladala, bodaboda na watu wanaovuka wanaonekana wamebebana kama dagaa kwenye fungu, wakati ukishuka unakuta kati ya gari na gari kuna nafasi ya kutosha tu. Wengi wanasema lenzi ndo inabana vitu hivyo. Hapana, ni umbali, ukisimama palepale na lenzi fupi halafu ukaikata picha katikati unapata mbano uleule, ila pikseli zinakuwa zimeisha.

Spidi ya shata usishuke chini ya 1/500 ya sekunde. Ile stabilaiza inazuia mkono wako kutetemeka, haimzuii bodaboda kukimbia. Jioni kwenye 250 tundu la lenzi linafunguka mwisho f/5.6, mwanga unaoingia ni kidogo, kwa hiyo ISO, ule usikivu wa kamera kwa mwanga, pandisha tu hata 3200, chengachenga hazijawahi kuua picha. Ila saa saba mchana usihangaike na vitu vya mbali barabarani, joto la lami linacheza kama maji na kila kitu kinatoka laini laini, mi nilitaka kumrudishia jamaa lenzi yake nikijua kaniuzia mbovu, kumbe jua.

Sasa turudi kwenye mabega. Nilikuja kuangalia picha za Saul Leiter, yule wa New York miaka ya 1950, alikuwa anatumia sana lenzi ndefu hadi 150mm, anapiga kupitia vioo vyenye mvuke, miavuli, migongo ya watu, nusu ya picha ni rangi tu ya kitu kilicho karibu na lenzi. Nikasema kumbe vile vitu nilivyokuwa navisubiri vipite ndo picha yenyewe. Nikarudi Kariakoo, fokasi nikaiweka pointi moja ya katikati, nikaachana na 250 nikawa nacheza kwenye 100 hivi, nikamlenga mzee mmoja muuza kahawa upande wa pili wa barabara, watu wakawa wanapita mbele yangu mi nabonyeza tu. Moja ikatoka. Kushoto khanga nyekundu, kulia shati la njano, yote ukungu mtupu, katikati kaupenyo ka kiganja, na kwenye upenyo mkono wa mzee umeinamisha dele, kahawa iko hewani haijafika kwenye kikombe.

Kamera nikaishusha, nikavuka. Shikamoo mzee. Marahaba. Nikamuonyesha, akavuta kioo karibu na macho, akatazama wee, akaniuliza, "Sasa mbona uso wangu umeuziba na matako ya watu?" Nikamlipa kahawa nikampiga nyingine, hiyo kwa 55, kasimama wima kama yuko pasipoti saizi, na hiyo ndo aliyotaka nimsafishie.